MLIO MDOGO KATIKA INJINI YA LORI LA CHAMA

Maneno ya mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi

Katika mali zote za chama cha msingi hakuna inayosema kwa sauti kama lori. Mizani hukaa kimya hata inapokosea, ghala huvuja kimya kimya, na daftari la fedha halipigi kelele linapoandikwa uongo. Lakini injini ya lori ikipatwa na dosari, aghalabu husema mapema, kabla haijasimama kabisa. Shida ni kwamba wanaoisikiliza ni wachache, na hata hao wachache huangukia mojawapo ya makosa mawili. Wengine hupuuza mlio mpaka injini ikafa barabarani, na mzigo wa wanachama ukiwa juu yake. Wengine huuogopa mlio mpaka wakakubali kununua injini nzima kwa sababu ya nati moja iliyolegea.

Makusudio ya mazungumzo haya ni kueleza ule mlio mdogo wa "tiki-tiki-tiki" unaosikika katika injini, mahali unapotoka, na namna ya kuutambua. Hayakusudii kumgeuza katibu awe fundi makanika. Yanakusudia kumwezesha kuuliza swali lililo sawa kabla hajatia sahihi hati ya malipo.

KISA CHA CHAMA KIMOJA

Mfano ufuatao hauna jina la chama wala la mtu, maana hauhitaji jina. Yaliyomo ndani yake yanaweza kutokea mahali popote penye lori, daftari na msimu wa mazao.

Chama kimoja cha wakulima wa pamba kilikuwa na lori la tani 7 la dizeli. Wiki ya kwanza ya ununuzi dereva alisikia mlio mwembamba chini ya boneti, wa haraka na wenye mpango, kama mtu anayegonga kikombe kwa kijiko. Alimwendea katibu, akamweleza. Katibu alikuwa kwenye mizani, mbele yake foleni ya wakulima wenye marobota yao. Akajibu bila kuinua kichwa, "Gari la dizeli lazima lilie, Ndugu Dereva. Lisipolia ndipo uje uniambie." Dereva akarudi garini. Habari ile haikuandikwa popote.

Wiki tatu zikapita. Mlio ukakua. Akaitwa fundi wa kijiji cha jirani. Aliwasha injini, akasikiliza kwa dakika moja, akatikisa kichwa, akasema, "Injini imekwisha. Hii ya kubadili." Akataja bei.

Halmashauri ya chama ikakutana usiku ule ule. Bei ya injini ilikuwa kubwa kuliko ushuru wote ambao chama kilitazamia kukata katika msimu mzima. Ikapendekezwa ichukuliwe sehemu ya fedha zilizokuwa zikingoja kulipwa wanachama, kisha zirudishwe polepole. Mjumbe mwingine akapendekeza dereva asimamishwe kazi, kwa kuwa aliharibu injini na akanyamaza. Dereva alikuwa amesimama mlangoni. Alisema kwamba hakunyamaza, lakini hakuwa na karatasi ya kuonyesha.

Ndipo mama mmoja mjumbe, ambaye hakuwahi kushika usukani maishani mwake, akauliza, "Mlio huo unatoka wapi?"

Hapakuwa na wa kumjibu. Watu walikuwa wamezungumza saa nzima juu ya bei ya dawa, na hakuna aliyeujua ugonjwa. Kikao kikaahirishwa mpaka swali la mama lipate jibu.

INJINI HULIAJE?

Ili swali hilo lijibiwe, yafaa kwanza kujua injini inavyofanya kazi. Injini nyingi za magari, za petroli na za dizeli, hufuata mpango wa mipigo minne uliofanikishwa na Mjerumani Nikolaus Otto mwaka 1876. Pistoni huvuta hewa, huigandamiza, husukumwa na mlipuko wa mafuta, kisha hutoa moshi. Mipigo hiyo minne huchukua mizunguko miwili ya krankishafti. Juu ya silinda kuna vali, yaani vilango vidogo vya kuingizia hewa na kutolea moshi. Vilango hivyo hufunguliwa na kemshafti, ambayo huzunguka mara moja tu wakati krankishafti inazunguka mara mbili.

Hapo pana siri ya kwanza ya sikio. Kitu kinachogonga katika mitambo ya vali hugonga mara moja kwa kila mizunguko miwili ya injini. Ikiwa injini inazunguka polepole mara 600 kwa dakika, vali moja inayolia itagonga mara 300, yaani mara 5 kwa sekunde. Ndiyo maana mlio wa vali husikika mwepesi na wa polepole kuliko injini yenyewe. Kinachogonga chini, katika krankishafti na konrodi, hufuata mwendo wa injini nzima, na sauti yake ni nzito.

Katika malori mengi kemshafti hukaa ubavuni mwa injini. Husukuma tapeti, tapeti husukuma kijiti, kijiti huinua mkono wa roka, na roka hubonyeza vali. Baina ya roka na vali huachwa nafasi nyembamba sana, ambayo katika injini nyingi ni milimita 0.2 hadi 0.5. Kipimo kamili huandikwa katika kitabu cha gari, na mara nyingi vali ya hewa na vali ya moshi hazina kipimo kimoja. Nafasi hiyo huachwa kwa sababu chuma kikipata moto hurefuka. Ikizidi, roka huigonga vali kila inapoifungua, na hapo ndipo panapotoka tiki-tiki. Injini nyingine, hasa za magari madogo, zina tapeti zinazojazwa oili na kujirekebisha zenyewe. Hizo hazipimwi nafasi kwa namna hii, lakini nazo hulia oili ikipungua au ikichafuka.

MAMBO YA KUFANYA KABLA YA KUFUNGUA SPANA

La kwanza ni oili. Lori lisimame mahali tambarare, injini izimwe, na ingojewe kama dakika kumi ili oili irudi chini. Kijiti cha kupimia kichomolewe, kifutwe kwa kitambaa safi, kirudishwe mpaka mwisho, kichomolewe tena na kusomwa. Oili lazima iwe baina ya alama mbili. Ikiwa chini ya alama ya chini, injini isiwashwe tena kusikilizwa mpaka iongezwe, kwa maana mlio wenyewe huenda ni kilio cha kiu. Yatazamwe pia mambo matatu mengine: oili kuwa na rangi ya maziwa, jambo linaloonyesha kwamba maji yameingia, oili kuwa nyepesi na kunuka dizeli, kwa kuwa mafuta yanavujia ndani, na oili kuwa na chembe zinazometameta, ambazo ni chuma kilichosagika.

La pili ni taa ya oili. Swichi ikifunguliwa kabla ya injini kuwaka, taa hiyo lazima iwake. Injini ikiwaka, lazima izimike katika sekunde chache. Taa ambayo haiwaki kamwe si dalili ya afya. Huenda balbu imeungua, au waya umekatwa na mtu aliyechoka kuiona. Taa isiyozimika maana yake ni kwamba huenda oili haifiki inakotakiwa kwa nguvu inayotakiwa. Hapo injini izimwe papo hapo, na isiwashwe mpaka sababu ijulikane.

La tatu ni nyakati za mlio. Dereva aulizwe taratibu, bila kutishwa: Husikika asubuhi tu injini ikiwa baridi, au hata ikiwa moto? Hupotea baada ya muda gani? Huongezeka lori linapopanda kilima na mzigo? Husikika lori likiwa limesimama, au likitembea tu? Majibu ya maswali hayo manne ni nusu ya uchunguzi, na hayagharimu hata senti moja.

NAMNA YA KUSIKILIZA

Mwaka 1816 daktari Mfaransa René Laennec alikunja karatasi ikawa bomba, akaweka upande mmoja kifuani mwa mgonjwa na wa pili sikioni mwake, akasikia moyo waziwazi kuliko alivyopata kuusikia. Huo ndio mwanzo wa kile chombo ambacho madaktari huvaa shingoni hadi leo. Fundi hodari hufanya vivyo hivyo kwa bisibisi ndefu au fimbo ya chuma. Ncha huwekwa juu ya injini, na mpini hubanwa karibu na sikio. Ncha ikihamishwa kutoka silinda hadi silinda, mahali panapogonga hujitangaza penyewe.

Kwa mlio wa hewa au moshi unaovuja, fimbo haifai sana. Hapo hutumika kipande cha mpira wa maji chenye urefu wa kama mita moja. Mwisho mmoja huwekwa sikioni, na wa pili hupitishwa karibu na viungo vya eksozi bila kuvigusa. Fimbo husikia chuma kinachogonga, na mpira husikia pumzi inayotoroka.

Kazi hiyo ina hatari zake. Lori livutwe breki ya mkono, gia iwe huru, na magurudumu yawekewe vizuizi. Shati lichomekwe, na kanga, mtandio au mkono mpana wa vazi usikaribie feni wala mkanda wake. Feni inayoendeshwa kwa umeme inaweza kuanza kuzunguka yenyewe hata baada ya injini kuzimwa. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa moto. Zaidi ya yote, injini isiwashwe ndani ya ghala lililofungwa. Moshi wake una hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu kabla hawajatambua kwamba wamo hatarini.

MILIO INAYOFANANA NA SABABU ZAKE

Mlio wa vali au tapeti hutoka juu, chini ya mfuniko wa roka. Ni mwembamba, wenye mpango, na hauongezeki sana lori linapobeba mzigo. Sababu yake mara nyingi ni nafasi iliyozidi, nati iliyolegea, ncha ya roka iliyolika, au oili iliyopungua. Mara chache huwa ni springi ya vali iliyovunjika au kemshafti iliyolika. Ikiwa vali imepimwa sawasawa na baada ya siku chache nafasi imezidi tena, kuna kitu kinacholika, na hapo mfuniko haufungwi mpaka kionekane.

Mlio wa eksozi inayovuja humdanganya hata fundi, kwa kuwa nao husema tiki-tiki. Gasketi iliyoungua, au boliti iliyokatika mahali bomba la moshi linapoungana na injini, huruhusu moshi utoke kwa mapigo. Dalili yake ni kwamba hulia sana asubuhi na mara nyingi hupungua injini ikipata moto, kwa kuwa chuma hutanuka na kuziba ufa. Masizi meusi huonekana penye kiungo. Ukarabati wake si mkubwa, lakini usiahirishwe, maana moshi ule unaweza kuingia katika chumba cha dereva.

Katika injini ya petroli, plagi iliyolegea nayo hutoa mlio wa namna hiyo. Katika injini ya dizeli, nozeli inayonyunyiza vibaya hutoa mgongo mkali unaofanana na nyundo juu ya msumari. Katika injini za zamani fundi hulegeza kidogo nati ya bomba la nozeli moja moja ili silinda ile isipate mafuta. Mlio ukibadilika, silinda yenye dosari imepatikana. Lakini jambo hilo lisijaribiwe kamwe katika injini za dizeli za sasa zenye bomba moja la pamoja la mafuta. Mgandamizo ndani yake hupita mara 1,000 ya mgandamizo wa hewa ya kawaida, na uzi mwembamba wa dizeli unaweza kupenya ngozi na kumtia mtu katika hatari ya kukatwa mkono. Injini hizo huchunguzwa kwa vyombo vyake.

Upo pia mlio usiotoka ndani ya injini. Mkanda uliochanika pembeni hupiga kila unapozunguka, na beringi ya alteneta au ya pampu ya maji hukwaruza. Fundi huweza kuondoa mkanda, akawasha injini baridi kwa nusu dakika tu huku lori limesimama. Mlio ukitoweka, injini haina kosa. Ikiwa mlio husikika lori likitembea tu, na hufuata mwendo wa magurudumu, basi matairi yatazamwe kwanza. Si mara moja mtu amefungua injini kwa ajili ya kijiwe kilichojikaza katika kashata za tairi.

Mwisho ni mlio usiofaa kungojewa. Huo si tiki-tiki. Ni "go-go-go" nzito itokayo chini, inayokua injini inapokanyagwa au inapobeba mzigo. Mara nyingi ni beringi ya konrodi iliyolika. Lori lenye mlio huo lizimwe na livutwe, lisiendeshwe hata kilomita moja. Beringi moja ikisagika, konrodi huweza kukatika na kutoboa ukuta wa injini, na hapo maneno ya kununua injini nzima huwa ya kweli. Anayelilazimisha lori hilo kumaliza safari moja ya mwisho huimaliza injini pamoja na safari.

JIBU LA SWALI LA MAMA

Siku ya tatu baada ya kikao kile alikuja fundi mwingine, mtu mzima aliyefanya kazi miaka mingi katika karakana za malori. Hakutaja bei. Aliomba kijiti cha oili kwanza. Oili ilikuwa nyeusi, nzito, tena chini ya alama ya chini. Akaongeza mpaka kipimo, akawasha, akatazama taa ya oili ikazimika, akasikiliza kwa fimbo. Chini palikuwa kimya. Juu, kwenye silinda ya tatu, fimbo ililia sikioni mwake. Akamwita dereva asikilize, kisha katibu, kisha mama yule mjumbe. Wote walisikia mahali pale pale.

Injini ilipopoa, mfuniko wa roka ulifunguliwa. Nati ya kufungia skrubu ya roka moja ilikuwa imelegea, na nafasi ilikuwa zaidi ya mara mbili ya kipimo cha kitabu. Nyingine mbili zilikuwa zimezidi kidogo. Fundi akapima kwa fila moja baada ya nyingine, akakaza, akapima tena.

Dereva, ambaye mlio ule ulikuwa karibu kumtoa kazini, akamwomba, "Mzee, izibe kabisa nafasi hiyo, isilie tena." Fundi akaweka spana chini. Alimweleza kwamba vali iliyobanwa hailii kabisa, na hapo ndipo ubaya wake. Vali hupoza joto lake kila inapokaa imara juu ya kiti chake. Isipofunga sawasawa, moto wa silinda hupita ubavuni mwake na kuiunguza, huku injini ikinyamaza mpaka nguvu zimekwisha. "Inayolia inakuomba," alisema. "Iliyobanwa inakufa bila kukuaga." Akaiacha nafasi kama kitabu kilivyosema.

Kisha akageukia kichungi cha oili. Juu yake palikuwa na tarehe iliyoandikwa kwa rangi na fundi aliyekifunga, nayo ilikuwa ya kabla ya msimu uliopita. Katibu akaleta daftari. Daftari lilisema kwamba oili na kichungi vilikwisha badilishwa mara mbili tangu tarehe ile, na risiti zilikuwapo.

Palikuwa na ukimya ambao hakuna fundi awezaye kuutengeneza.

Katibu alisema mwenyewe, kabla ya kuulizwa. Oili ilinunuliwa kweli. Lakini mashine ya kusaga ya chama ilikuwa imekauka, akina mama walikuwa wakitembea mbali na mahindi kichwani, na yeye aliimimina oili ya lori katika mashine. Alikusudia kununua nyingine mwezi ufuatao. Mwezi ukapita, na wa pili ukapita vivyo hivyo. Vichungi viwili vilikuwa bado ghalani, ndani ya maboksi yake. Dereva hakuulizwa wala hakuambiwa, na daftari likaandikwa kama kwamba kazi imefanyika.

Hakuiba. Vichungi vilionekana, na mashine ilikuwa imesaga. Lakini nia njema isiyoandikwa haitofautiani na wizi machoni pa mkaguzi, na injini nayo haijui kusamehe nia njema. Miezi yote ile lori lilibeba pamba ya wanachama kwa oili iliyokwisha kazi yake, na mtu aliyekaribia kuadhibiwa ni yule aliyetoa habari mapema.

Oili ilimwagwa, kichungi kikabadilishwa mbele ya wajumbe wawili, na kile cha zamani kikakatwa na kufunguliwa. Hakikuwa na chembe za chuma. Gharama yote haikufikia bei ya tairi moja. Siku iliyofuata lori lilipakia pamba. Halmashauri ilipokutana tena, ilimwomba radhi dereva kabla ya ajenda ya kwanza, nayo ikaagiza katibu asahihishe daftari kwa mkono wake na kulisoma mbele ya mkutano wa wanachama. Alilisoma. Fedha za wanachama hazikuguswa.

DAFTARI LA GARI

Kisa hicho kinafundisha kwamba sikio bila kalamu halitoshi. Kila chama chenye lori, pikapu, trekta au mashine ya kusaga yafaa kiwe na daftari moja kwa kila injini, nalo liandikwe mambo yafuatayo:

1. Tarehe na kilomita, au saa za kazi ikiwa ni mashine.

2. Oili iliyoongezwa au kubadilishwa, kwa lita na kwa nambari yake. Oili ya 15W-40, kwa mfano, si sawa na oili nyepesi ya gari dogo. Nambari ya kwanza hueleza inavyotiririka ikiwa baridi, na ya pili uzito wake injini ikiwa moto. Inayofaa ni ile iliyotajwa katika kitabu cha gari.

3. Mlio wowote mpya, kwa maneno ya dereva mwenyewe: mwembamba au mzito, baridi au moto, juu au chini. Dereva atie sahihi, na katibu atie sahihi kwamba amepokea. Sahihi hizo mbili humlinda kila mmoja wao.

4. Maelezo ya fundi kabla ya bei yake. Fundi aandike mlio unatoka wapi na ameutambua kwa njia gani. Asiyeweza kuandika mahali hajafika mahali pa kutaja bei. Na kazi ikiwa kubwa, asikilizwe fundi wa pili.

5. Vipuri vya zamani virudishwe kwa katibu na kuonyeshwa halmashauri kabla ya kutupwa. Kichungi kipya kiandikwe tarehe na kilomita kwa rangi isiyofutika.

6. Oili au kipuri kikihamishwa kutoka chombo kimoja hadi kingine kwa dharura, kiandikwe siku ile ile katika madaftari yote mawili.

Si kazi kubwa. Ni mistari michache kwa wiki, na katibu aliyezoea kuandika kilo za kila mkulima hawezi kushindwa nayo.

MWISHO

Ndugu Makatibu, Ndugu Wanachama, usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo ni ya kweli, lakini huzungumzia nusu moja tu ya jambo. Wapo pia wanaojenga ukuta mpya mahali palipokuwa na ufa wa kuziba kwa kiganja cha udongo, kwa sababu hawakuinama kuutazama. Lori la chama limenunuliwa kwa senti za kilo moja moja zilizokatwa kwa watu ambao wengi wao hawatalipanda maishani. Wana haki ya kujua linalia kwa nini.

Kwa hiyo, dereva atakapokuja kesho na kusema, "Ndugu Katibu, kuna mlio," foleni ya mizani na ingoje kidogo. Kalamu ichukuliwe, naye aulizwe lile swali la mama: unatoka wapi?